Pumzi Kabla ya Neno

Leeds, Januari, studio ya chini ya ardhi,
mabomba yakigugumia ukutani.
Enid Sowerby ameweka kitabu juu ya meza ya kantini:
kurasa elfu moja na mia mbili,
milima saba, falme nne,
na ramani ya kukunjwa iliyokwisha kuchanika mikunjoni.
Wakubwa wametupa vipindi kumi na vitatu,
nusu saa kila kimoja.

"Redio haina ramani," akasema,
akaikunja, akaitia mkobani.
"Msikilizaji atajua amefika kaskazini kwa viatu tu."

Basi tukatengeneza viatu.
Kokoto kwenye trei kwa nyika ya Orrund,
na kwa theluji, unga wa mahindi ndani ya mfuko wa ngozi:
ukiuminya unalia kru, kru,
hata aliyekaa karibu na hita anajikunyata.
Jeshi la elfu arobaini lilikuwa watu sita:
mimi, Enid, makatibu wawili, mlinzi wa zamu,
na mtoto wa mlinzi, ambaye shule yake
ilifungwa kwa ubovu wa boila.

Joka lilitushinda wiki mbili.
Tulijaribu simba; akasikika simba.
Tulijaribu treni; ikasikika treni ya Wakefield, imechelewa.
Mwishowe nikarekodi friji ya kantini usiku,
nikaipunguza kasi mara nne,
na Bi Clegg, mfagizi, aliyekuwa akipita,
akaweka ndoo chini, akauliza,
"Hicho nini, na kiko upande gani?"
Tukajua.

Enid alikata kwa penseli, mimi kwa wembe,
vipande vya mkanda vikining'inia shingoni,
kila kimoja na kibandiko chake: huyu kakohoa,
huyu kasema "mlima" mara mbili.
Tulimkata mvushaji wa mto, mwanamke wa kurasa thelathini
niliyempenda tangu nina miaka kumi na mmoja.
Nililalamika. Enid hakuinua macho:
"Atamvusha nani, kama safari yenyewe haifiki?"
Nikakata. Ila ukitega sikio kipindi cha nne
kuna kasia, pigo moja tu, nyuma ya mvua.
Sikumwambia.

Mfalme alikuwa Ambrose Thackray,
miaka sabini na sita, sweta lenye tobo kiwikoni.
Alisoma amesimama. Kiti alikikataa.
Kabla ya kila mstari alivuta pumzi,
ndefu, yenye mluzi mdogo mwishoni,
vumbi la kiwanda cha sufi alikofanya kazi ujanani,
na kila mara niliikata,
kwa kuwa wafalme, niliambiwa, hawahemi.

Kifo cha mfalme kilipangwa Alhamisi.
Jumanne Ambrose alikata kauli hospitalini,
Jumatano alfajiri akakata roho,
na karatasi yake ikabaki kwenye stendi,
pembeni ameandika kwa wino wa kijani: polepole.

Wakubwa wakataka mwigizaji mwingine.
Enid akaenda kuvuta sigara ngazini, saa nzima.
Mimi nikainamia pipa la taka.
Mikanda ya wiki saba, imejisokota kama maganda ya tufaha;
nikaipitisha kwenye mashine, kipande kwa kipande:
pumzi. Kikohozi. Pumzi. Pumzi yenye mluzi.
Nikaziunga kumi na moja,
nikiliacha pengo likue baada ya kila moja,
na baada ya ile ya mwisho
sikuweka muziki, sikuweka upepo,
niliweka chumba chenyewe, na mabomba yake.

Enid alisikiliza na koti lake mwilini.
Akasema, "Punguza mabomba kidogo."

Barua ikaja kutoka Pudsey, mwandiko wa rula:
kitabuni mfalme anasema maneno tisini kabla hajafa,
ninyi mmeyapeleka wapi?
Enid akanipa mimi niijibu.
Bado ninayo, droo ya chini, chini ya nyembe.
Nimeandika "Bwana Mpendwa,"
nikaweka mkato,
na hapo ndipo nilipo.